Bila Kupiga Windo

Tinde, 4 Februari 2024

Dada Vumilia,

Shikamoo. Natumaini wewe na Loveness mnaendelea vizuri na mvua imefika Masumbwe. Huku imenyesha mara mbili ikakata, mahindi yamedumaa. Mama hajambo. Mguu unamsumbua asubuhi, lakini jana alitembea mwenyewe mpaka kisimani kugombana na waliomruka foleni, kwa hiyo ujue yuko vizuri. Mke wangu Martina anakusalimu na amekuwekea michembe, viazi vyetu vya kukausha, kwa kondakta wa basi.

Najua utashangaa kupata barua. Nikipiga simu hupokei, na meseji zangu unazijibu "sawa". Nimeona niandike, labda karatasi utaisoma mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Jambo lenyewe ni hili. Shule yetu imepata kompyuta sita za zamani, kutoka kwenye mradi wa kampuni moja ya huko migodini. Nimezihangaikia mimi tangu mwaka juzi. Nilikataa uhamisho wa kwenda mjini kwa ajili yake, na Martina hajanisamehe. Tumepewa kwa majaribio mpaka mwisho wa muhula. Kabla ya kufunga shule, bwana wa mradi atakuja kuangalia kama watoto wanazitumia. Akikuta zimefunikwa vitambaa, zinakwenda shule nyingine.

Kwa sasa zimefunikwa vitambaa. Kila tukiwasha zinadai neno la siri, na hapa hakuna anayelijua. Mradi wanasema aliyelijua ameacha kazi. Nikasema nitafute fundi apige windo, yaani aweke Windows upya. Mwalimu mkuu, Mwalimu Donatus, akanitolea mkataba: hakuna kufuta kilichomo, hakuna kusakinisha chochote. Hata matundu ya flashi wameyaziba kwa gundi.

Uliwahi kuniambia kwamba kuna namna ya kuwasha kompyuta kwa sidii tu, bila kugusa kilichomo ndani, na kwamba kuna mfumo wa bure uliotengenezwa kwa ajili ya shule. Siku ile nilicheka. Leo naomba.

Darasa la sita wamechora kibodi kwenye madaftari yao, wanafanyia mazoezi hapo hapo kwenye karatasi.

Duka lako la kuchapa na kutoa kopi linaendaje?

Mdogo wako,
Enock


Masumbwe, 21 Februari 2024

Enock,

Marahaba. Sisi wazima. Loveness amerudi bweni na godoro jipya, la zamani waliliiba. Michembe imefika robo tatu, robo kaila kondakta. Mwambie Martina wabeja sana. Na umwambie Mama aache kwenda kisimani. Bomba nililomwekea uani linatoa maji yale yale, tofauti ni kwamba uani hakuna wa kugombana naye.

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho. Nilikasirika katikati, nikaendelea.

Simu zako sipokei na sababu unaijua. Krismasi nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kuezeka nyumba ya Mama, bati arobaini, na misumari juu yangu. Nikapiga simu kuuliza kama imevuja. Ukasema, na spika umeifungua, na shemeji zako wote wamekaa sebuleni: "Dada akitoa kitu lazima akupe na risiti." Nikasikia watu wakicheka. Mimi niliacha shule kidato cha pili nikaenda kuwapikia wachimbaji maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, ili wewe umalize chuo cha ualimu, na risiti ya hiyo sijakupa mpaka leo. Basi.

Humu kuna dividii sita. Mfumo wenyewe ni Linux, ile ya mashuleni: hesabu, ramani, kuandika, michezo ya herufi. Fanya hivi. Washa kompyuta, chomeka dividii upesi, zima, washa tena huku ukibonyeza F12 bila kuacha. Itakuuliza iwakie wapi, chagua dividii. Halafu subiri. Usiguse kitu, usimwite mtu, itachelewa kiasi cha chai kuchemka. Ikiwaka utaona kwenye skrini alama ya kusakinisha. Hiyo usiibonyeze, wala mtoto asiibonyeze. Usipoibonyeza, windo yao itabaki kama walivyoiacha, na mkataba wa Mwalimu Donatus utabaki mzima.

Nijibu: hizo kompyuta zina ramu kiasi gani? Imeandikwa kwenye kibandiko, au muulize aliyezileta.

Usinishukuru kabla hazijawaka.

Mama Loveness


Tinde, 12 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Mama anasema bomba la uani maji yake hayana ladha. Martina amepata mafua ya wiki nzima, sasa ameinuka. Mahindi tumeyakatia tamaa, tumepanda dengu.

Dada, zimegoma. Zote sita. Zinaanza vizuri, zinaandika maneno mengi meupe kwenye weusi, halafu zinasimama hapo hapo. Nilingoja chai ichemke, nikaingoja ipoe. Nilikuwa nimewaita darasa zima waje waone. Arobaini na wanane walisimama mlangoni, mmoja akauliza kama kompyuta inasali.

Kibandiko kimechubuka, ramu haisomeki. Mwalimu Donatus anasema pengine tungeviacha tu vitambaa vyake, maana angalau vimefuliwa. Imebaki nusu ya muhula na mimi sina mtu mwingine wa kumuuliza. Uliza unachotaka kuniuliza, lakini nisaidie.

Hukunijibu kuhusu duka.

Enock


Masumbwe, 2 Aprili 2024

Enock,

Marahaba. Pasaka tulikula wali na maharage, mimi na jirani yangu Paskalia, tukalala mapema. Loveness hakuja, nauli nimeona ibaki kwa ajili ya likizo ndefu.

Mtu asiyejua ramu ya kompyuta yake ananiuliza kwa nini haiwaki. Hizo zako ni za zamani kuliko nilivyodhani. Mfumo niliokutumia ni mpya, unataka kumbukumbu ambayo hizo hazina, ndiyo maana zikafika katikati zikachoka. Nimetafuta toleo la zamani la mfumo huo huo, dogo, linaingia kwenye sidii ya kawaida. Kulishusha kumekula bando la wiki mbili. Sidii tupu ninazo nyingi, zimebaki tangu enzi za kuwachomea watu kwaya. Nimechoma nane, mbili za akiba, maana watoto wataziwekea vidole.

Hizi nimezijaribu mwenyewe kwenye mashine yangu mbovu kuliko zote. Imewaka, nikacheza hesabu kidogo, ikanishinda moja. Siku hizi nina nafasi ya kucheza.

Sidii ibaki ndani muda wote mnaotumia. Mkiitoa, inazimika kichwa.

Mama Loveness


Tinde, 29 Aprili 2024

Dada yangu,

Shikamoo tena na tena. Mama mzima, dengu zimeota.

Zimewaka. Zote sita. Kwanza zinakohoa, ile sidii inazunguka ndani na kusimama na kuzunguka, watoto wanashika vifua kama wanakohoa wao. Halafu inatokea picha, na siku ya kwanza ilipotokea hakuna aliyepiga kelele, walisogea tu mbele wote kwa pamoja mpaka nikabanwa ukutani. Wanane kwa kompyuta moja. Kuna mchezo wa herufi zinazodondoka kutoka juu, unaziandika kabla hazijafika chini. Kuna binti anaitwa Mageni, baba yake anachunga ng'ombe wa watu, huyo hakuna herufi inayofika chini.

Sasa nikueleze balaa. Niliwapa kazi: kila kundi liandike ukurasa mmoja kuhusu kijiji chao. Wakaandika siku nzima ya Ijumaa. Jumatatu tukawasha, hakuna hata neno. Kompyuta imekaa kama siku ya kwanza. Nikajua hawakuhifadhi, nikawafokea. Wakaandika tena, safari hii nikahifadhi mwenyewe, mashine moja baada ya nyingine. Kesho yake hakuna. Wa kufokewa sasa nilikuwa mimi.

Mageni akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, zikilala zinasahau. Basi zisilale."

Nilicheka, nikaendelea na somo. Kumbe wenzake hawakucheka. Ijumaa waliandika mara ya tatu, wakazima skrini peke yake, wakafunika vitambaa vizuri, na mimi nikafunga mlango nikaenda nyumbani nikiwasifu kwa usafi. Mashine sita zimekesha Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu LUKU ya shule inasoma sifuri, umeme umekata, na mitihani ya darasa la saba ilikuwa bado haijachapwa. Na kurasa zenyewe zimekwenda na umeme. Mwalimu Donatus ameniandikisha maelezo. Nimeandika kwamba wanafunzi walikuwa wanalinda kazi zao. Akasoma, akaniuliza kama namtania.

Watoto wanakataa kuandika tena. Wanasema ni kuteka maji kwa tenga. Nifanyeje?

Na duka?

Enock


Masumbwe, 15 Mei 2024

Enock,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na shughuli ya kuhamisha vitu. Afya ipo.

Watoto hawakukosea na wewe hukukosea. Mimi ndiye sikukuambia, na sikukuambia kwa sababu sikujua. Nilijaribu muda mfupi, nikaona inawaka, nikafunga bahasha. Nimejaribu tena juzi, nikaandika jina langu, nikazima, nikawasha. Nimefutika. Kila kitu mnachofanya kinakaa kwenye ramu tu, na ramu bila umeme haina habari na mtu. Sidii yenyewe haiandikiki, ilishachomwa. Windo yao hamuigusi, ndiyo raha yake, na ndiyo hasara yake pia. Huyo Mageni alielewa kabla yangu. Mwambie.

Flashi wameziba. Printa hamna. Piga picha skrini kwa simu yako kabla hamjazima, kila kundi. Huyo bwana akija umwonyeshe. Na waandike tena, Enock. Kila siku. Wakinuna, waambie hata mimi nilianza upya mara tatu, na mara zote hakuna aliyenihifadhia.

Mitihani ya darasa la saba ningekuchapia mimi, ungesema.

Mama Loveness


Tinde, 16 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Shule zimefungwa, nimepumzika kidogo. Mama anakusalimu sana. Amekubali maji ya bomba, lakini anayachota kwa ndoo na kuyabeba kichwani kuzunguka nyumba kabla hajayatumia, anasema ndiyo yanapata ladha. Dengu zimezaa kuliko tulivyotegemea, Martina amepanga gunia moja liwe lako. Ng'ombe wa jirani alivunja uzio, tukajenga upya. Padri amehamishwa, aliyekuja ni kijana, mahubiri yake mafupi na watu wanalalamika kwamba hawajachoka. Barabara ya kuingia shuleni wameimwagia kokoto. Hali ya hewa ni baridi asubuhi na vumbi mchana.

Sina jipya zaidi. Tunashukuru kwa yote uliyotufanyia.

Enock


Masumbwe, 24 Juni 2024

Enock,

Marahaba.

Barua yako ina kurasa mbili na haina kompyuta hata moja.

Mama Loveness


Tinde, 3 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Umenisoma.

Bwana wa mradi alikuja siku mbili kabla ya kufunga. Mtu mpole, amevaa buti safi. Watoto walikuwa wamejipanga tangu saa moja. Baada ya barua yako waliandika kila siku, na kila siku zikafutika, na wakaandika tena, mpaka mwisho hawakuwa wanatazama vidole. Picha nilikuwa nazo, zaidi ya mia, simu yangu ilikataa hata kupokea meseji.

Akasema kabla hatujaanza angependa kuona mashine zikoje. Akavuta kiti, akawasha bila sidii. Mashine ikadai neno la siri. Akaliandika.

Alikuwa nalo, dada. Kwenye kikaratasi, mfukoni mwa shati. Nilipomuuliza akasema hakuna aliyemwomba kwa maandishi.

Akafungua windo, akatazama ndani. Mara ya mwisho kutumika, Agosti mwaka jana. Akaenda ya pili, Agosti. Zote sita, Agosti. Nikamweleza habari ya sidii, akaelewa, sio mjinga. Nikamwonyesha picha, akasema picha hazionyeshi ni kompyuta ya nani. Fomu yake ina nafasi moja tu ya kujaza: mashine yenyewe inasemaje. Na mashine ilikuwa inasema haijaguswa. Tulitii mkataba mpaka tukapotea.

Hapo Mageni akatoka kwenye mstari bila kuitwa. Akasema, "Zima, uwashe na sidii yetu. Nitakuandikia yote tena." Yule bwana akatazama saa, akakubali. Tukangoja ikohoe. Akaandika ukurasa mzima wa kijiji chao, ng'ombe wa watu, kisima, na foleni anayogombea Mama, bila kusimama hata mara moja. Bwana yule alisoma mpaka mwisho. Akampa mkono. Akasema hajawahi kuona. Kisha akazima mashine mwenyewe, akajaza fomu yake, na gari lilipakia zote sita kabla ya chakula cha mchana.

Sikukuandikia kwa sababu sikujua niandike nini. Mwalimu Donatus naye hakunikebehi, alinisaidia kukunja vitambaa.

Sasa na mimi nikuulize. Nimekuuliza habari ya duka tangu Februari. Barua zako ninazo zote, nimezisoma tena jana na Martina kanisomea nyingine kwa sauti. Ndani kuna bando, sidii, godoro la Loveness, nafasi ya kucheza, kuhamisha vitu. Hakuna mteja hata mmoja. Hakuna hata mtu mmoja aliyeingia kutoa kopi. Wewe ambaye zamani hukuwahi kunipigia simu bila kumlalamikia mteja.

Na lile neno la Krismasi. Nililisema kwa sababu Martina alikuwa ametoka kuniuliza mbele yao ni lini nitaezeka hata banda la kuku. Sio sababu ya kutosha. Ndiyo niliyo nayo.

Mdogo wako,
Enock


Masumbwe, 17 Julai 2024

Enock,

Marahaba, baba.

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Loveness yuko likizo, ameisoma na yeye, akaniambia mama, jibu sasa au nimjibu mimi.

Duka nililifunga mwezi wa tatu. Rashi ya dhahabu imeibuka upande mwingine, vijana wote wameifuata, na duka langu lilikuwa linakula kwao: leseni, picha za pasipoti, mikataba ya maduara wanayosaini leo na kugombania kesho. Walipoondoka nikabaki mimi na mashine, tunatazamana. Mwenye fremu hakunifukuza, nilitoka mwenyewe nilipoona hesabu haitoki. Nimegawa, nimeuza, nimebaki na kompyuta mbili na printa, ziko sebuleni, natumia meza ya chakula. Wateja wanakuja nyumbani kwa aibu, mmoja leo, mwingine wiki ijayo. Nilikuwa nachoma sidii zenu saa nne asubuhi, Enock, saa ambayo zamani sikuwa na nafasi hata ya kukohoa. Kazi yenu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Ndiyo maana uliponiandikia habari za padri na kokoto nilikasirika kuliko ile Krismasi.

Ile Krismasi tuiache hapo. Banda la kuku nalo ezeka.

Habari ya yule bwana na kikaratasi chake nimeisoma mara moja tu, sitairudia, nina presha.

Jumatano ijayo napanda basi la asubuhi kupitia Kahama, nitashuka Tinde na kompyuta zote mbili na printa. Skrini ni zile nene za mgongo, uje na mtu mwenye nguvu na toroli, usije na baiskeli. Kompyuta moja ni ya shule. Hiyo haina mkataba. Piga windo, piga Linux, sakinisha chochote, watoto wahifadhi mpaka ijae, na wa kwanza kukalia kiti awe Mageni. Mwambie Mwalimu Donatus aniandikie kwamba ameipokea. Si kwa ajili yangu, ni ili kesho asije mtu mwingine na fomu.

Ya pili usiipeleke shule. Niulizie hapo Tinde chumba cha duka kinachotazama barabara, kidogo tu, chenye mlango wa chuma. Nasikia kopi wanaifuata Shinyanga mjini. Mpaka kipatikane nitalala kwa Mama, na Loveness atalala na mimi. Martina umwambie mapema, asishtukizwe.

Sijawahi kukuomba kitu, kwa hiyo sijui huwa inaandikwaje. Isome hivyo hivyo.

Dada yako,
Vumilia